Siku Nzima Majini na Baba Mkwe

Kwetu Ujiji ukimwona mtu amepanda chombo, ujue ana shughuli. Anakwenda kuvua, anapeleka mawese sokoni, anamrudisha mgonjwa kwao, au anamkwepa mdai wake. Mtu anayelipa fedha ili akae majini kutwa nzima bila mzigo na bila safari, huyo tungemsomea dua. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba baba yake amestaafu na amekodi boti ya kulala ndani, twende naye kwenye mto Havel kaskazini mwa Berlin, nikamuuliza tunakwenda wapi. Akajibu kwamba hatuendi mahali, tunakwenda tu.

Swali la pili sikulitamka: vyoo ni vingapi? Nimelelewa na bibi ambaye hata kikohozi cha mkwewe uani kilitosha kumfanya avute ushungi na kutafuta mlango wa pili. Sasa niambiwe nikae na baba mkwe ndani ya boti ambayo sebule ndiyo jiko, jiko ndilo chumba cha usukani, na mlango wa choo ukifunguliwa unagonga meza ya chai. Ndiyo, kilikuwa kimoja.

Baba hana leseni ya unahodha, wala haikuhitajika. Ujerumani wana cheti cha muda kwa wanaokodi boti za mapumziko. Unapewa darasa la kama saa tatu, nadharia kidogo na mazoezi kidogo gatini, kisha unaandikiwa karatasi ya kukuruhusu kuendesha chombo kisichozidi mita 15, chenye watu wasiozidi 12, kwa mwendo usiovuka kilomita 12 kwa saa, tena kwenye maji yaliyotajwa tu. Mto kama Rhine, wenye mkondo mkali na meli za mizigo, haumo. Na tangu 2012, boti yenye injini isiyozidi nguvu za farasi 15 haidaiwi leseni kabisa kwenye maji mengi ya ndani, ndiyo maana huko utakutana na vibanda vya mbao vinavyoelea, vijana wameketi juu ya paa, muziki unalia na hakuna anayejua nani ameshika usukani. Mwalimu wetu alitumia muda mrefu zaidi kutueleza choo kuliko injini. Baadaye nilielewa kwa nini: injini ikiharibika kuna namba ya simu ya kupiga.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianzia Mildenberg, karibu na mji mdogo wa Zehdenick. Bandari tuliyolala ipo ndani ya kiwanda cha zamani cha matofali ambacho sasa ni makumbusho. Mabomba ya moshi bado yamesimama, lakini hayatoi kitu. Pembeni ya mto kuna madimbwi makubwa, mengine ukubwa wa ziwa dogo, yamejaa mayungiyungi na matete, na nikayasifia kwamba Mungu kayapanga vizuri. Baba akacheka. Akasema yale si ya Mungu, ni mashimo ya udongo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amechagua mahali hapo kwa kuangalia picha. Baba yake alikuwa mtu wa tishari. Udongo mzuri wa mfinyanzi uligunduliwa Zehdenick mwaka 1887, watu walipokuwa wakijenga reli, na baada ya hapo viwanda vikaota kandokando ya mto kila upande. Matofali yalichomwa kwenye matanuri ya duara ambayo moto wake hauzimwi. Matofali hukaa palepale na moto ndio unaozunguka, chumba baada ya chumba, huku nyuma yake wafanyakazi wakitoa yaliyopoa na kupanga mabichi. Kisha matishari yakayabeba kwenda Berlin. Watu wa huko wana msemo kwamba Berlin yote ilishushwa kutoka kwenye tishari, na ukitazama majengo ya zamani ya mtaa ninaokaa hutaona sababu ya kubisha. Viwanda vya mwisho vilifungwa Ujerumani mbili zilipoungana. Mashimo yakajaa maji, ndege wakaja, na baada ya ndege wakaja watalii kama sisi.

Baba alinionyesha njia nyembamba kandokando ya ukingo, leo inapita baiskeli. Zamani ilikuwa njia ya wavutaji. Pasipokuwa na upepo wa kujaza tanga, tishari lilivutwa kwa kamba kutoka nchi kavu, na farasi au na watu waliojifunga mkanda kifuani. Mara nyingi mke wa mwenye tishari alikuwa mmoja wao. Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa akipaka siagi mkate, nikaona afadhali tuna dizeli.

Tuling'oa nanga baada ya saa tatu asubuhi. Mto huo una ngazi, na ngazi zake ni vyumba vya saruji vyenye milango miwili mikubwa, mmoja upande wa maji ya chini na mmoja upande wa maji ya juu. Wajerumani wanakiita Schleuse, nami nitasema lango. Kutoka Mildenberg kupanda kuelekea Fürstenberg unakutana kwanza na lango la Schorfheide, halafu Zaaren, Regow na Bredereiche. Kwa gari ni mwendo usiotosha kumaliza mazungumzo. Kwa boti tulifika jioni.

Malango haya mengi hayana mtu wa kuyalinda. Unafika kwenye gati la kusubiri, unazungusha fimbo ya kijani inayoning'inia, na taa zinakujibu. Nyekundu, subiri. Nyekundu na kijani pamoja, unaandaliwa. Kijani peke yake, ingia. Ukishaingia na wenzako na kushika kamba, mmoja wenu anavuta fimbo nyingine ya kijani iliyo ukutani, mlango unafungwa nyuma yenu na maji yanaanza kupanda. Fimbo nyekundu ni ya hatari, huigusi ila mtu ameanguka au chombo kimekwama. Hakuna pampu inayofanya kazi hiyo. Maji ya juu yanafunguliwa, yanaingia kwa uzito wake, na tani nzima za chuma na watu na masufuria zinanyanyuka kimya kimya. Ikifika zamu ya kushuka, maji ya chumba kizima yanaachiwa yaende zake kuelekea Berlin. Kwa hiyo si uungwana kutumia chumba kizima peke yako ukiona kuna boti nyingine inakuja kwa mbali. Unaisubiri.

Nilipewa kamba ya omo, yaani mbele ya boti, mume wangu akakaa tezi, kule nyuma, Baba akashika usukani. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kamba nyuma ya chuma kilichosimama ukutani na kushika ncha yake mkononi. Lango la kwanza, injini inanguruma, ukuta umeota kuvu na unatoa maji, nikasikia Baba ananipigia kelele kwa jina langu.

"Usifunge! Shika tu! Usifunge!"

Sababu yake ni nzuri. Kamba iliyofungwa fundo haijui kwamba maji yanasogea. Ukiwa unashuka, boti itabaki inaning'inia ukutani huku maji yakiondoka chini yake, mpaka kamba ikatike au chuma king'oke. Ukiwa unapanda, kamba inalegea na boti inageuka kwenda kumgonga jirani. Lazima uisikie mkononi, uivute kidogo, uiachie kidogo. Lakini akili yangu ilikuwa mahali pengine. Baba mkwe amenipigia kelele, kwa jina, mbele za watu. Kwetu mzee akifika hapo kuna kikao.

Lango la pili nilimpigia kelele mimi. Alikuwa anaingiza boti pembeni sana na maboya ya mpira upande wangu yalikuwa yamepanda juu ya reli. Nikasema, "Baba, kushoto! Kushoto!" Yeye akatii, na tukaingia bila kugusa ukuta. Lango la tatu hatukuhitaji kelele tena, mkono tu ulitosha. Nimeolewa miaka kadhaa, tumekula sikukuu pamoja, tumepeana zawadi, lakini heshima yetu ilikuwa ya kuketi mbali mbali kwenye sofa. Ukishamshikia mtu kamba mara tatu ndani ya chumba cha saruji kinachojaa maji, hata habari ya choo inakwisha yenyewe.

Tulisubiri sana Zaaren. Foleni ilikuwa ndefu, na lango linachukua boti chache kila mara. Hapa ndipo nilipowashangaa Wajerumani wangu. Mume wangu ni mtu ambaye treni ikichelewa dakika nne anaitazama saa kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Baba, kaunta mpya ikifunguliwa dukani na mtu wa nyuma akakimbilia mbele, anaweza kuzungumzia jambo hilo mpaka usiku. Watu hao hao walifunga boti, wakatoa viti, wakamimina kahawa, wakaanza kuulizana na majirani habari za mbwa wao. Hakuna aliyesukuma. Kila aliyefika alitazama ni boti ipi ilikuwa ya mwisho, akajifunga nyuma yake, basi. Nilimuuliza Baba kwa nini hapa hakasiriki. Akafikiri kidogo, akasema barabarani huwa anachelewa kwenda mahali.

Mjomba alipiga simu ya video tukiwa kwenye foleni ile. Mjomba wangu alikuwa na mitumbwi ya dagaa, na mpaka leo hakubali kwamba amestaafu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mko majini?"

"Tuko majini."

"Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu, Mjomba. Tunapumzika."

Akakaa kimya. "Mnapumzika kwa kusafiri?" Kisha akatoa swali la maana zaidi: injini ina nguvu za farasi ngapi, na inakula lita ngapi kwa saa. Baba akafungua kifuniko cha injini, akaelekeza simu chini, na wazee wawili wasio na lugha moja wakaongea dizeli kwa muda mrefu, mimi katikati natafsiri majina ya vipuri ambavyo sivijui kwa lugha yoyote. Waliagana kama watu waliosoma pamoja.

Baada ya hapo Baba aliniuliza kama ziwa letu lina meli kubwa. Nikamwambia ipo moja, tena aliitengeneza Mjerumani mwenzake. Hakuwa na habari. Meli ya Goetzen iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, mji wa kaskazini magharibi ambao wenyewe umejengwa juu ya mifereji. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapakiwa melini Hamburg mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini mafundi waliipaka injini grisi nyingi kwanza, kana kwamba wanamfunika mtoto. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Nilipokuwa mdogo, Liemba ndiyo iliyokuwa barabara. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama kina kirefu, ikapiga honi usiku wa manane, na mitumbwi ikatoka gizani kuizunguka. Watu wanapanda kwa kamba, magunia yanashuka, mtoto anarushwa na kudakwa, mtu anagombana na mwenye mtumbwi juu ya nauli ilhali mguu mmoja uko kwenye mtumbwi na wa pili uko melini. Nilimsimulia Baba haya yote tukiwa kwenye foleni, huku boti tatu za mbele zikipishana kwa kupungiana mikono. Akasema angependa kuiona. Nikamwambia ajifunze kwanza kurusha mtoto.

Mchana tulikula karibu na lango la Regow, ambako kuna shamba la mbuzi na jibini yao inauzwa hapo hapo. Baba na mwanawe walikuwa na soseji zao, mimi nilikuwa na maandazi na dagaa wa Kigoma niliowakaanga na nyanya. Nilikuwa na wasiwasi na harufu, maana boti ni ndogo na dagaa hawajui kujificha. Baba akaonja mmoja kwa uma. Akaacha uma. Baada ya hapo alikuwa akiwachota kwa mkono kama karanga, huku akiniuliza wanavuliwaje, na nikamweleza habari za taa usiku na mwezi mchanga.

Sehemu ya kutoka Regow kwenda juu ndiyo nzuri kuliko zote, na sina mengi ya kuisema. Misonobari pande zote, maji meusi kwa kivuli, mto unajikunja hata husogei zaidi ya kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Vibao vyenye namba ndani ya fremu nyekundu vinakukumbusha upunguze mwendo, kwa sababu wimbi la boti linamomonyoa ukingo na kuzamisha viota vilivyo kwenye matete. Tuliona kibisi amebeba makinda mgongoni. Nililala kidogo, mchana, juu ya chombo kinachotembea. Bibi yangu angesema nimepatwa na kitu.

Baada ya Bredereiche mto unafunguka kuwa ziwa Stolpsee. Upande mmoja ni Himmelpfort, kijiji ambacho watoto wa Ujerumani humwandikia barua mzee wa Krismasi na posta huwajibu. Tulikipita. Baba alitaka kufika Fürstenberg kabla jua halijashuka, kwa kuwa boti za kukodi haziruhusiwi kutembea usiku na nafasi gatini hujaa mapema wakati wa likizo. (Kama mtu anataka kujaribu safari hii, aende Mei au Septemba. Bei inashuka na foleni zinapungua.)

Kisha tukaingia ziwa Schwedtsee, na Baba akapunguza mwendo bila kibao kumwambia. Ng'ambo ya maji kuna ukuta, na mbele ya ukuta, juu ya nguzo, sanamu ya mwanamke amembeba mwanamke mwenzake. Pale ndipo Ravensbrück, kambi ya wanawake iliyofunguliwa na Manazi mwaka 1939. Wanawake na watoto wapatao 120,000 waliandikishwa humo mpaka kambi ilipokombolewa mwaka 1945. Maelfu kwa maelfu hawakutoka, na majivu ya wengi wao yalimwagwa ndani ya ziwa hili hili tulilokuwa tukielea juu yake.

Nilimwambia Baba kwamba na sisi tunaye mtu wetu katika habari hiyo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika kama askari wa Wajerumani angali mtoto, akahamia Berlin mwaka 1929 na kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Walimkamata mwaka 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kuna kibao kidogo chenye jina lake kwenye njia ya miguu Berlin, mtaa wa Brunnenstraße. Sachsenhausen iko Oranienburg, mji wa mto Havel huu huu, chini ya tulikotoka. Baba akaongeza la kwake: wafungwa wa kambi hiyo walitumikishwa kwenye kiwanda cha matofali kando ya mfereji, karibu na lango la Lehnitz, matofali ya kumjengea Hitler Berlin mpya. Tishari la baba yake lilipita hapo baada ya vita. Mzee hakupenda kufunga kamba pale, akasema, hata kama foleni ni ndefu namna gani.

Hatukuzungumza mpaka Fürstenberg. Sidhani kama ilikuwa huzuni peke yake. Asubuhi nilikuwa nimedhani nimeletwa kwenye maji ya watu wasio na kazi, na kutwa nzima maji hayo yalikuwa yakinionyesha kazi: ya farasi, ya wake waliofungwa mkanda kifuani, ya moto usiozimwa, na hii ya mwisho ambayo sijui kama inafaa kuitwa kazi.

Gatini Fürstenberg jirani alitupokelea kamba kabla hatujamwomba. Tulilipa ada ya usiku, tukaunganisha umeme, mume wangu akapika wali na Baba akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja sana, kama dagaa wamebaki. Walibaki. Tulipokuwa tunakula ukazuka ubishi wa kesho. Mume wangu alitaka tugeuze, maana boti lazima irudishwe na yeye anapenda kuwa na siku ya akiba. Baba alitaka tupande mpaka Müritz, ziwa kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Ujerumani peke yake, kilomita za mraba kama 117. Nikamwambia Baba kwamba kwetu hiyo ni ghuba. Akasema basi sitakuwa na woga, na kwa kuwa upepo ukizidi wenye cheti kama chetu hawaruhusiwi kulivuka, atahitaji mtu anayejua kusoma anga la ziwani. Tukapiga kura. Mume wangu akashindwa, akaenda kuosha vyombo, na mimi na Baba tukatandaza ramani mezani kuhesabu malango.